Mke wa Wankyo Golini

Wankyo alimwoa Robi kwa ng'ombe zake mwenyewe. Naanza hapo, ili msomaji asiye wa kwetu asije akashangaa mbele ya safari. Wankyo alikuwa mama mtu mzima, mjane, mwenye mabinti watupu, na wote walishaolewa mbali. Kwetu Mara mama wa namna hiyo haachi nyumba yake ife. Anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto atakaowazaa yule msichana wanakuwa wajukuu wa nyumba ile, wanabeba jina la marehemu mume wa huyo mama. Tunaita nyumba ntobhu. Baba wa watoto ni habari nyingine, na watu wenye adabu huwa hawaiulizi.

Robi alikuwa ameshaona mavuno mawili katika nyumba hiyo, na mtoto alikuwa hajapatikana. Huyo Robi ndiye aliyekuwa golikipa wetu. Mimi Dafroza nilikuwa beki, nasimama mbele yake, kwa hiyo haya ninayoandika niliyaona kwa karibu, mengine yalinipita sikioni kabisa.

Mpira ulitufikia kwa njia ya matofali. Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa upande wa Butiama, nyumba zimepangwa kwa mistari kama mahindi, na tulikuwa tunajenga zahanati. Matofali tulifyatua wenyewe na kuyachoma wenyewe. Kutoka kwenye tanuri mpaka kwenye msingi palikuwa na mteremko wa mawe, lori halipiti, toroli halipiti. Basi wanawake tulijipanga mstari mrefu. Unadaka tofali linalotoka mbele yako, unageuka, unamrushia aliye nyuma. Unarudi, lingine hilo hapo limeshafika. Sheria ilikuwa moja tu: usikae nalo. Ukikaa nalo, la pili linakukuta mikono imejaa, linakuvunja vidole. Mwanzoni tuliumia sana, lakini baada ya wiki chache mwili ulijua wenyewe. Tulikuwa tunapiga hadithi za watu huku mikono inadaka na kugeuka, na wala macho hatupeleki.

Siku moja akaja Enoka, kijana aliyekuwa anatufundisha kisomo jioni, sisi watu wazima, kwa chaki na ubao. Wilaya ilikuwa imempa kazi ya kutafuta wanawake wa kucheza mpira siku ya Saba Saba kule Musoma, kwa sababu kuna wageni wanakuja. Alisimama akatuangalia. Wakati huo aliye mbele ya Robi akateleza, tofali likaenda upande, juu, kuelekea kichwa cha mtu. Robi akajirusha. Akalishika kwa mkono mmoja, akiwa hewani bado, na alipotua chini alikuwa ameshageuka na tofali limeshafika kwa wa nyuma. Mstari haukusimama.

"Yule ni nani?" Enoka akauliza.

"Mke wa Wankyo."

"Mume wake nitampata wapi nimwombe?"

"Ndiye huyo hapo, mwenye kilemba chekundu, anapanga kuni za tanuri."

Tulicheka mpaka tofali moja likaanguka. Enoka alikuwa mtu wa Suguti, mila zetu anazijua vizuri, ila siku hiyo zilimtoka kichwani. Akaenda, akamwamkia Wankyo, akaeleza. Wankyo alimsikiliza bila kuacha kuni.

"Mpira," akasema. "Mwanamke arukeruke, tumbo lijifunge, halafu mjukuu nikamdai kwa nani? Kwa serikali?"

"Mama, ni mchezo tu. Siku moja tu."

"Mazoezi je? Mnachezaga bila mazoezi?"

Wankyo akamwita Robi, akamwangalia kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Unaitaka hii kitu?"

Robi alikuwa si msemaji. Akasema, "Naitaka, mama."

"Basi utafanya hayo mazoezi, na hiyo siku nitakuja mwenyewe niione kwa macho. Nikiona ni upuuzi, imeisha siku hiyohiyo, na neno mpira nisilisikie nyumbani kwangu. Nikiona vingine, nitasema vingine."

Wankyo hakuwa na tabia ya kurudia neno wala kulibadili. Kijiji kizima kilijua.

Jioni moja tukiwa tunasaga ulezi nilimuuliza Robi kwa nini anajitesa, maana alikuwa anarudi mazoezini magoti yamechubuka na bado kazi za nyumbani zinamsubiri. Alikusanya unga pembeni ya jiwe. Halafu akasema, "Dafroza, nikipita njiani, kila mtu ananiangalia tumbo. Asubuhi, jioni, kisimani, kanisani. Nikiwa golini wananiangalia mikono."

Nikamsogezea ulezi mwingine.

Siku ya Saba Saba tulipanda lori la ushirika lile linalobeba magunia ya pamba kwenda kwenye kiwanda cha kuchambua. Pamba bado ilikuwa imeganda kwenye mbao, tulishuka Musoma na nywele nyeupe kama vikongwe. Timu ilikuwa ya kuchanganya: wa Bunda walikuwa wametangulia, na wa mjini walikuwa wanatusubiri mtaa wa Iringo, kwa fundi cherehani aliyetushonea kaptura. Jeska ndiye aliyekuwa mshambuliaji wetu, msichana wa mjini, mdomo wake haupoi.

"Karibuni mabibi," akasema alipoona nywele zetu. "Tumekuja kucheza mpira au kugawana urithi?"

Wankyo alishuka kwa kusaidiwa, gunia lake la kukalia kwapani. Aliishika kaptura ya Robi, akaigeuza, akaitazama kwa ndani.

"Fundi," akasema, "kitambaa kilikuishia?"

"Hapana mama, ndivyo zinavyokuwaga."

"Mh." Ile *mh* ilimshusha Robi mabega, nikaona.

Sasa wageni. Walikuwa timu ya taifa ya wanawake ya nchi moja ndogo sana ya visiwa. Jina la nchi yao naliacha, maana nililisikia kwa kipaza sauti kibovu na kila mtu alilitamka kwa namna yake, na sitaki kuandika uongo. Uhuru wao ulikuwa mchanga, haujatimiza hata mwaka. Enoka alitueleza kwamba nchi nzima watu wake hawafiki wa wilaya yetu. Walikuwa wamekuja na meli kutoka Mwanza, na wengine walitapika njia nzima, ingawa wao ni watu wa bahari. Jeska akasema wamekutana na ziwa lenye wenyewe.

Nilikuwa nimetegemea kuona Wazungu. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu ya neno *timu ya taifa*, niliona ni jambo la watu wa mbali wenye viatu. Wakaingia uwanjani wanawake weusi kama sisi. Mmoja ana mapengo. Mwingine ana kovu la kuungua shavuni, la moto wa jikoni, hilo kovu nalijua. Njumu zao zilikuwa kuukuu na hazifanani, na jezi zilikuwa zimefuliwa mpaka rangi imepauka. Bendera yao waliibeba wenyewe, wawili mbele wawili nyuma, na nilipoikaribia niliona imeshonwa kwa mkono, nyuzi zinaonekana. Nimeshona sana maishani mwangu. Mshono ule ulikuwa wa mtu aliyekaa chini bila haraka.

Ikafika zamu ya nyimbo za taifa. Wetu ulipigwa na bendi. Wa kwao, bendi haikuujua, na santuri yake haikuwepo Musoma, labda haikuwepo popote. Watu wakaanza kunong'ona. Ndipo kapteni wao, mwanamke mrefu mwenye shingo kama ya twiga, akaweka mkono kifuani akaanza kuimba. Wenzake wakaingia. Hakuna ngoma wala tarumbeta, ni sauti zao tu, na upepo wa ziwa unazichukua na kuzirudisha. Hatukuelewa neno hata moja. Lakini wanaume waliokuwa wamekaa juu ya ukuta wakashuka wakasimama wima. Nchi yao ilikuwa mbali, haina hata santuri, na wao walikuwa wameibeba midomoni mpaka Musoma.

Nikamtafuta Wankyo kwa macho. Alikuwa amesimama. Gunia lake lilikuwa limeanguka na hakuliokota.

Mpira ukaanza, na hapo tukajua tofauti ya anayecheza na anayekimbia. Walikuwa wanapeana pasi bila kutazamana. Ulikuwa ukimfuata mwenye mpira, ukifika hana. Ukimfuata wa pili, amesharudisha. Kapteni wao alinipita akiwa amesimama. Sijui hata leo alifanyaje, nadhani nilimpisha mwenyewe. Watu waliokuja kucheka wanawake waliacha kucheka. Muuza samaki mmoja alikuwa na sato wake wametundikwa kwenye mti begani, wanadondoka mmoja mmoja, na yeye macho yako uwanjani.

Wakatufunga. Wakatufunga tena. Na tena. Yote matatu yalikuwa ya haki, Robi hakuwa na la kufanya.

Halafu likaja hilo ninalotaka kusimulia. Winga wao alipiga mpira wa juu, mkali, kuelekea kona ya goli. Robi akajirusha vilevile kama siku ile ya tanuri. Akaudaka. Uwanja mzima ukapiga kelele ya furaha, maana ulikuwa mpira mgumu kweli. Na Robi, alipotua chini, mwili wake ukafanya ulichozoea kufanya. Akageuka, akamrushia aliye nyuma.

Nyuma hapakuwa na mtu. Palikuwa na wavu wa goli, wavu chakavu wa kuvulia sato uliofungwa kwenye milingoti. Mpira ukaingia ukakaa humo.

Hata wageni walisimama hawaelewi. Refa alikuwa ameshapeleka filimbi mdomoni, akaitoa, akairudisha, akapuliza. Ndipo kicheko kikaanza, na kicheko cha Musoma mnakijua. Watu walijigaragaza. Kuna aliyepiga kelele, "Golikipa, umepokea zawadi gani?" Mwingine akajibu, "Mwacheni, ana roho nzuri, hakai na mali ya watu!"

Sisi wa kijijini hatukucheka. Sisi tulijua alikuwa anampa nani. Robi alikuwa anaiangalia mikono yake kama ya mtu mwingine. Nilimwendea nikamwambia, "Ni tofali, Robi. Umefanya tofali." Akasema kwa sauti ndogo, "Itafanya tena, Dafroza. Siiwezi. Inafanya yenyewe." Halafu akatazama kule alikokaa Wankyo, na mimi nikatazama.

Wankyo hakuwepo mahali pake.

Filimbi ya mapumziko ilipolia nilidhani ameshatoka nje ya uwanja, na Robi alidhani hivyohivyo, maana alikaa chini kwenye nyasi akaanza kufungua kamba za viatu alivyoazimwa. Enoka akawa anamsihi. "Dada Robi, bado kipindi cha pili." Yeye anafungua tu.

Kumbe Wankyo alikuwa amekwenda upande wa wageni. Kapteni wao alikuwa amekaa kwenye benchi, jezi ameipandisha, ananyonyesha. Mtoto mkubwa, wa kutembea, alikuwa amebebwa safari yote na mwanamke mmoja wa kikosi chao. Ananyonya huku anachezea majani yaliyoganda kwenye goti la mama yake. Wankyo akasimama mbele yao. Padri Leonardi, Mzungu wa misheni, ndiye aliyekuwa mkalimani, kwa kuwa wale wanajua Kifaransa, na yeye pia.

"Padri, mwulize, huyu ni wake?"

Padri akauliza. "Ndiyo, wake. Wa tatu."

"Mwulize alikuwa anacheza kabla hajawazaa, au ameanza juzi?"

"Anasema tangu msichana. Anasema huyu hapa alicheza naye tumboni bila kujua, wakashinda."

Wankyo akainama akamgusa mtoto paja, akaliminya, kama anavyopimwa ndama. Mtoto alikuwa mnene. Akaachia ziwa la mama yake akamtazama huyu bibi, akarudi kunyonya.

"Mh," akasema Wankyo. Lakini *mh* hii haikuwa ile ya kwa fundi.

Akaja kwetu. Robi akainuka haraka, viatu mkononi. "Nisamehe, mama. Nimekuaibisha mbele ya watu."

"Ulimpa nani ule mpira?"

"Mama?"

"Nauliza, uligeuka ukampa nani? Kwenye mstari nyuma yako anasimamaga nani?"

Robi akafikiri. "Unasimamaga wewe, mama. Kama huna kuni."

"Basi vaa viatu."

Akarudi akaokota gunia lake, akapita katikati ya uwanja taratibu, kwa mwendo wa mtu aendaye shambani kwake, mbele ya polisi na viongozi na wananchi. Akaenda nyuma ya goli tulilokuwa tunalinda kipindi cha pili, akatandika gunia pembeni ya wavu, akakaa, akanyoosha miguu. Askari mmoja akamfuata.

"Mama, hapa hapakaliwi na watu."

"Mimi ni mume wa golikipa," akasema Wankyo. "Nenda kakae na wa kwako."

Askari akarudi alikotoka.

Kipindi kikaanza. Mpira wa kwanza ulikuja chini, Robi akaudaka, na nikaona mabega yake yanaanza kugeuka. Wankyo akapaza sauti: "Sipokei! Mikono yangu imejaa!" Robi akasimama papo hapo, nusu amegeuka, mpira kifuani. Akamwona Wankyo amekaa pale, amekunja mikono, kweli hapokei. Akageukia mbele. Akanirushia mimi.

Ukaja mwingine. "Sipokei!" Ukaja mwingine tena. "Kaa nalo! Ni la kwako, kaa nalo!" Watu waliokuwa wanacheka wakaanza kuitikia pamoja naye, upande ule wote wa uwanja, "Kaa nalo!" na mwishoni Robi hakuwa na haja ya kuambiwa. Alikuwa anadaka na kukumbatia.

Nimeishi miaka mingi na nimeona mengi yenye fahari, lakini kipindi kile sijakiona tena. Wale wanawake wa visiwani walikuja kama mvua ya masika. Wakapiga kwa kichwa, kwa mguu wa kulia, kwa mguu wa kushoto. Robi akaruka huku, akaruka kule, vumbi, damu gotini, kaptura imechanika. Mara moja kapteni wao alibaki peke yake na Robi, sisi wote tumeshapitwa, nimelala chini natazama tu. Akapiga. Robi akaenda nao hewani kwa urefu wake wote, na nilipoinua kichwa mpira ulikuwa mikononi, amelala ubavu, ameukumbatia kama mtu aliyemwokoa mtoto mtoni. Kapteni alisimama hapohapo, akashika kiuno, akatikisa kichwa. Halafu akampigia makofi. Adui yetu anampigia makofi golikipa wetu, na uwanja wote ukafuata.

Tulifungwa manne kwa bila, na yote manne yalikuwa ya kipindi cha kwanza.

Baada ya kupeana mikono, kapteni alimtafuta Wankyo. Akamuuliza Padri, huyu bibi aliyekaa nyuma ya goli ni nani kwa yule msichana.

Padri Leonardi akajikuna ndevu. "Mama Wankyo, niseme mama mkwe?"

"Sema ukweli, Padri. Sema ni mume."

"Hawataelewa."

"Wewe umeelewa?"

"Kidogo."

"Basi waambie hicho kidogo."

Padri akasema, uso umekuwa mwekundu. Alieleza kirefu, mikono inaenda juu na chini, nikajua amefika kwenye ng'ombe. Kapteni hakucheka. Akajibu jambo, na Padri akatutafsiria: kwamba visiwani kwao wanaume wengi walikwenda kufanya kazi nchi za watu, wengine hawakurudi, na nyumba nyingi zina majina kwa sababu ya wanawake tu. Wankyo akamshika mikono yote miwili, akaitikisa. "Hao ni watu wetu," akamwambia Padri. Hiyo hakuingoja itafsiriwe.

Tulirudi na lori lilelile. Jua lilikuwa linaelekea ziwani na barabara ya Butiama ilikuwa imejaa ng'ombe wanaorudi zizini, dereva anakwenda polepole anapiga honi. Hakuna aliyeimba. Sote tulikuwa tunangoja neno la Wankyo, na Robi kuliko wote. Alikuwa amekaa kwenye mbao, goti limefungwa kitambaa, hamtazami Wankyo usoni. Wankyo alisinzia, au alijifanya. Tulipoanza kuona mawe makubwa ya kwetu akafungua macho.

"Enoka."

"Naam, mama."

"Hayo mazoezi yenu ni saa ngapi?"

"Saa kumi jioni, mama. Lakini tunaweza kubadilisha, kama..."

"Saa kumi ni saa ya maji," akasema Wankyo. "Maji nitachota mimi."

Robi akainua kichwa. "Mama, kisima ni mbali. Na mtungi ule ni mzito."

"Mzito kwa nani? Niliubeba kabla hujazaliwa." Akajifunika kanga mabegani, maana upepo ulikuwa umeanza kuwa baridi. "Na hicho kitambaa ulichofunga goti ni kichafu. Sogea hapa."

Robi akasogea. Wankyo akaanza kukifungua kile kitambaa, taratibu, huku lori linaturusha, na sisi wengine tukageuza macho tukatazama ng'ombe.